Mstari wa Saa Moja na Nusu

Daftari la mahudhurio lilikaa mezani kwa mkuu,
kalamu imefungwa kwa uzi wa katani.
Saa moja na nusu kamili, mstari mwekundu:
aliye juu ya mstari ni mwalimu,
aliye chini ajieleze.
Ndivyo alivyotawala Mzee Lukelesha miaka tisa hapa Urambo,
nami, mwalimu wa taaluma, nikimshikia rula.

Kisha akahamishiwa kwetu Bi Skolastika Nzobona,
Muha wa Kasulu, mfupi, viatu vya mpira,
anayewasalimu wapishi kabla ya walimu.
Wiki ya kwanza hakusema kitu.
Alisoma daftari kama mtu anayesoma barua.

"Huyu Mihambo," akaniuliza, "sahihi yake
Januari ilikuwa na mkia mrefu kama wa kima.
Tangu Machi umekatika. Kuna nini?"
Nikamjibu: "Kuna uvivu."
Akanitazama. Hakuandika.

Siku ile Mihambo aliingia saa mbili kasorobo,
matope hadi magotini, moshi wa bani shatini.
Bi Nzobona alichora mstari. Nisimsingizie, aliuchora.
Kisha akamfuata stoo ya chaki, akarudisha mlango.
Nilisikia kimya. Kimya kirefu.
Halafu mtu mzima akipenga kamasi.

Mkewe alikuwa Kitete, wodi ya wazazi, wiki ya tatu;
usiku Mihambo anachochea moto kwenye tumbaku ya shemeji
apate nauli ya kumpelekea uji.
Na mimi tumekaa meza moja msimu mzima,
najua wastani wake wa hisabati hadi nukta ya pili.

Vipindi vyake vya asubuhi, kidato cha pili B,
akavibeba Bi Nzobona mwenyewe.
Alifundisha vibaya. Mtu wa historia, aljebra wapi na wapi?
Watoto wakamsahihisha ubaoni; akacheka, akafuta,
na mikono ikaanza kunyooka
hata ya wale wa dirishani, wanaohesabu mabehewa.

Usidhani alikuwa malaika.
Juni, ukaguzi ulipokaribia, alimfokea Tabu Kasanda
mbele ya wanafunzi, kwa azimio la kazi lisilokamilika,
mpaka chaki ikamkatikia mkononi.
Kesho yake, kikaoni, kabla ya ajenda ya kwanza,
akasimama:
"Jana hofu ya ukaguzi ilikuwa yangu,
nikamtwika Tabu. Niwie radhi, Tabu.
Azimio lakini nalitaka Ijumaa."
Tukakazia macho matobolwa kwenye sinia.
Hakuna aliyewahi kutufundisha pa kutazama
mkuu anapoomba msamaha.

Azimio lililetwa Alhamisi.

Mimi niliuita udhaifu. Niliandika hata barua
kwa afisa elimu, kurasa mbili, sababu saba.
Ikalala mfukoni mwa koti.

Ilikuwa ingali mfukoni ile asubuhi ya Septemba
simu ilipolia kutoka Usoke: mama yangu.
Sijui nilifikaje shuleni. Nilifika saa mbili na robo,
nikashika kalamu yenye uzi,
nikasahau jina langu linaanza na herufi gani.
Bi Nzobona alichukua rula.
Akachora mstari, mwekundu, umenyooka,
mimi nikiwa chini yake, peke yangu.
Akaifunika kalamu.
"Sasa kaa," akasema. "Umekula?"

Matokeo? Yalitoka.
Kidato cha pili B walipanda kidogo,
si kupanda kwa kuandikwa gazetini.
Mihambo amepata binti.
Jana nimepitia daftari: mkia wa sahihi umeanza kurudi,
mfupi bado, wa rangi nyingine,
kama wa mjusi aliyewahi kukatwa.